Kaigeuza lenzi yangu, kasoma jina, kaiita "ya kuchezea" MBELE YA BI HARUSI

Wakuu, naandika hata viatu sijavua. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye maandishi ya mkanda wa kamera yake ni makubwa kuliko bango la barabarani, na ambaye hakusalimii mpaka kwanza achungulie lenzi yako imeandikwa nini.

Leo harusini mpiga picha ni mimi, yeye kaja kama mgeni, na kaja na begi zima. Nimemkalisha bi harusi dirishani, mwanga unamgusa shavu moja, shela nimehangaika nayo nusu saa hadi ikatulia. Jamaa huyo! Kanyoosha mkono, kashika lenzi, kaigeuza asome. Na kamera iko shingoni mwangu! Nikavutwa mzima mzima. Kasoma: Tamron, yaani kampuni ya lenzi tu, siyo ile iliyotengeneza kamera. Kacheka kicheko cha kupasua vioo vya dirisha. "Si ya kuchezea hii? Lenzi yenyewe iko wapi?"

Bi harusi akanigeukia. Lile jicho, wakuu. Jicho la mtu aliyeita daktari akaletewa fundi baiskeli.

Na kidole cha yule jamaa kilitua kwenye kioo cha mbele. Alama ipo hapa naitazama, mistari yote inahesabika, sijaifuta.

Lenzi yangu ni 28-75 f/2.8 (milimita 28 za upana hadi 75 za kuvuta karibu, na f/2.8 ni uwazi wa kuingiza mwanga), gramu 550. Yeye anabeba 24-70 f/2.8 ya Sony, ile ya kwanza, gramu 886. Kanizidi milimita 4 upande wa upana, haya, nampa. Lakini ya kuchezea? Kampuni ipo tangu 1950! Picha ya dirishani nimeikuza, kope za bi harusi unazihesabu moja moja. Angeniita pembeni ningemsikiliza. Mbele ya bi harusi!

FremuMoja: Huyo huyo! Mimi alinigeuzia lenzi msibani. Msibani, mkuu.

MkonoMtulivu: Pole, ila na wewe mtu anakugeuza kama bomba la maji umesimama tu? Mikono ilikuwa wapi?

Mwanzisha uzi: Ilikuwa imeshika kamera! Ungeiachia wewe?

Kichujio67: Mpelekee 28-75 f/2.8 ya Nikon Z, zile kamera za Nikon zisizo na kioo cha ndani. Vioo 15 katika makundi 12, kichujio cha milimita 67, sawasawa na ile Tamron ya kwanza ya Sony. Hiyo kwa sababu imeandikwa Nikon ataibusu.

BodiMbili: Tusidanganyane. Kamera ya Sony a1 inapiga fremu (picha) 30 kwa sekunde, ukiifunga lenzi ya kampuni nyingine unaishia 15. Kwenye mpira utalia. Jamaa hana adabu, lakini lenzi ya jina ni lenzi ya jina.

FremuMoja: Bi harusi aliyeketi dirishani fremu 30 za nini? Anakimbia?

PotretiTu: Nyie wa Sony mnagombana mkiwa mmeshiba. Njooni huku Canon RF, mlango wa lenzi wa kamera mpya za Canon. 2022 Viltrox, kampuni nyingine ya lenzi, wakaacha kuuza za RF. Tukasubiri hadi 2024 Sigma (nao watengeneza lenzi) na Tamron watangaze, na walichotangaza ni za APS-C, yaani za kamera zenye sensa ndogo. Mimi mwenye fulfremu, sensa kubwa, nikabaki kutazama za wenzangu. Mnajua maana ya kukosa hata cha kuchekwa nacho?

Kichujio67: Hili nalo lina uzi wake, kaufungue.

Mwanzisha uzi: Wakuu, mada! Kaigeuza ikiwa SHINGONI MWANGU. Mbele ya bi harusi!

BodiMbili: Tumesikia mkuu. Futa hicho kioo kwanza, mafuta ya kidole yakikaa sana yanasumbua.

Mwanzisha uzi: Sifuti. Ni ushahidi.

MkonoMtulivu: Kwa kuwa tumeshafika huku: kuna mtu humu aliazima Sigma 18-35 f/1.8 yangu, kairudisha bila kifuniko cha nyuma. Anajijua.

FremuMoja: Bila kifuniko cha NYUMA?

PotretiTu: Kioo cha nyuma kiko wazi ndani ya begi? Na funguo humo humo?

MkonoMtulivu: Na funguo, na sarafu. Nimeikuta na mchirizi.

Kichujio67: Huyo ni katili kabisa. Mimi niliazimisha betri ikarudi imevimba hadi haiingii kwenye kamera.

BodiMbili: Mtaje aliyeazima Sigma.

PotretiTu: Mtaje!