Kitambaa kinabana katikati: naomba ushauri kuhusu kitanda cha kufumia cha nyumbani

Binti_wa_Langoni
Asalaam aleikum wadau. Nimeundiwa kitanda cha kufumia na seremala hapa Lamu. Ni fremu ya mbao, urefu sentimita 90, upana 60, misumari juu na chini kila baada ya sentimita moja. Mtande, yaani nyuzi za kwenda juu, ni uzi wa pamba wa krosheti, na mshindio, yaani uzi unaopita kukatisha, ni uohuo. Nataka nianze na vitambaa vya meza, kisha mitandio ya kuuzia wageni, maana ukipita barabara kuu ya mji kila duka limetundika vikoi vya aina moja.

Shida ni hii: naanza na upana wa 40, nikifika katikati nimebaki na 33. Nyuzi za pembeni zimekaza mpaka misumari inainama, za katikati zimelegea. Na kitambaa chenyewe hakishikani, ukikinyanyua unaona baraza ya jirani. Tatizo ni uzi, ni fremu au ni mkono wangu?

Nahodha_mstaafu
Kama jirani anaonekana, tuuzie sisi wavuvi.

Fuma_Malindi
Aleikum salaam dada. Nahodha usimsikize. Hapo kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

Kubana kunatokana na mshindio. Uzi wa mshindio haupiti moja kwa moja, unapanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande, kwa hiyo unahitaji urefu zaidi ya upana wa kitambaa. Ukiuvuta ukanyooka kisha ukagonga, urefu uliokosekana unatolewa pembeni, na pembeni kunaingia ndani. Upitishe mshazari, upande wa mwisho uwe juu vidole viwili hivi, ukamate ukingo kwa kidole usivutike, ndipo ushushe kwa chanuo. Kisha funga kamba kila ukingo wa kitambaa uivutie kwenye mbao ya pembeni, na uihamishe kadiri unavyopanda.

Kuonyesha jirani ni misumari. Ukizungusha uzi kwenye misumari ya sentimita moja unapata nyuzi mbili kwa kila sentimita, na hizo ni chache mno kwa uzi wa krosheti. Chukua rula, zungushia uzi wako ukigusana bila kukandamizana, uhesabu mizunguko katika sentimita moja, kisha ugawe kwa mbili. Ukipata 12, mtande wako unataka nyuzi 6 kwa sentimita. Kwa upana wa 40 hizo ni nyuzi 240. Misumari haiwezi kukupa hizo.

Binti_wa_Langoni
240! Na hizo zote nizipitie moja moja kwa sindano? Si nitazeeka hapo barazani.

Fuma_Malindi
Hapana, na wala usiongeze misumari, mbao itapasuka. Mwambie seremala aing'oe yote. Uzungushe mtande juu ya fremu nzima, mbele na nyuma, ukipita mbao ya juu na ya chini. Hapo nyuzi unazisogeza karibu unavyotaka. Chini kabisa suka nyuzi mbili zikipishana katikati ya kila uzi wa mtande ili nafasi zikae sawa.

Halafu pitisha ubao bapa, uzi juu, uzi chini, mara moja tu. Ukiusimamisha, nusu ya nyuzi zinainuka. Nusu nyingine kila moja ifungie kitanzi cha uzi imara, vitanzi vyote uvifunge kwenye kijiti kimoja. Ukiinua kijiti, zinapanda hizo. Siku ya kufunga vitanzi inachosha kweli, lakini baada ya hapo sindano huigusi tena.

Fundi_Mokowe
Naongezea upande wa mbao. Misumari kuinama ni onyo kwamba fremu yenyewe inavutwa. Piga mbao za mshazari kwenye pembe nne. Mbao ya juu isigongomelewe, ikae kwenye nafasi na uikaze kwa kabari. Mtande ukilegea, unagonga kabari kidogo. Na mbao iwe kavu, mbao mbichi itapinda uzi ukiwa juu yake.

Mkaa_Siyu
Mimi nashangaa tu kwamba leo Lamu tunaulizana kufuma. Wareno walipofika huku waliandika habari za nguo za hariri za Pate, na walizinunua. Msafiri Ibn Battuta alipita Mogadishu mwaka 1331 akataja nguo zilizofumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vilivyotobolewa katikati, vizito vya pia, vile vijiti vya kusokotea pamba.

Ninachokipenda zaidi ni cha Sofala, pwani ya Msumbiji. Mreno Duarte Barbosa, miaka ya 1510, aliona wafumaji wa kule wana pamba nyeupe lakini hawana rangi. Basi wakachukua nguo za buluu kutoka Cambay huko India, wakazifumua, wakachanganya nyuzi zake na zao nyeupe. Dada, mitumba imejaa sweta za pamba za kila rangi.

Binti_wa_Langoni
Sweta kufumua nimeshawaza, ila nilidhani ni aibu.

Fuma_Malindi
Aibu ya nini? Angalia mishono ya ndani tu. Ile iliyokatwa ikapigwa overloki itakutolea vipande vifupi, achana nayo. Ambayo pande zake zimeunganishwa kwa uzi mmoja wa mnyororo itafumuka mfululizo. Zungusha uwe shada, ulowe, utundike na kitu kizito kidogo mpaka ukauke, mikunjo itanyooka. Huo uwe mshindio. Mtande bakia na krosheti, una nguvu zaidi.

Mama_Kofia
Mimi nashona kofia, kufuma sikujui, ila nasema la biashara. Usishindane na kikoi cha kiwanda, kwa bei hutakiweza. Na piga hesabu ya fremu yako: sentimita 90, ukizungusha ni kama mita moja na nusu ya kufuma, ukitoa pa kukatia. Mtandio wa mita mbili humo haumo. Fuma mikanda ya mikoba na vitambaa vya meza, vitu ambavyo mgeni anatia begini bila kufikiri.

Binti_wa_Langoni
Mama umenigusa, hesabu hiyo sikuipiga. Basi mitandio ingoje fremu ndefu. Leo nimejaribu ukanda wa sentimita 8 kwa kupitisha mshazari, pembeni hapakuingia. Swali la mwisho: uzi wa mtande unatoa manyoya na nyuzi jirani zinashikana.

Fuma_Malindi
Pika uji mwembamba wa muhogo, upake mtande kwa brashi, uchanue kabla haujakauka ili nyuzi zisigandane. Usiuache wiki nzima hivyo, mende wa Lamu unawajua. Ukimaliza kufuma, acha kama shubiri moja bila mshindio, kata katikati, ufunge matamvua. Kisha fua kwa maji ya moto uutoe uji, na hapo ndipo upime na kuandika ukubwa kwa mteja, kwa sababu pamba hurudi.

Nahodha_mstaafu
Na kile kitambaa cha zamani kinachoonyesha jirani? Mimi bado nakihitaji.