Urais: mnapimaje kati ya mwenye uzoefu na anayeahidi mabadiliko?

Kijana wa Magomeni
Wakuu habari za jioni, naomba tujadili hili kistaarabu bila matusi ya vyama. Huku kwetu Magomeni ikifika jioni stori ni moja tu, wazee wa kahawa wanasema nchi haijaribiwi, mpe mtu aliyekaa serikalini anajua faili linapita wapi, wale wa bodaboda wanasema huyo aliyekaa miaka 20 serikalini ndo huyohuyo aliyetufikisha hapa sasa anatuletea nini kipya. Mi kiukweli nayumba, kila upande naona una hoja.

Mfano Marekani 2008, McCain yuko Congress tangu 1983, Obama kaingia useneta 2005 hata muhula wake wa kwanza hajamaliza, na wakamchagua Obama (huyuhuyu ambaye tuna barabara yake pale Ocean Road). Sheria ya bima ya afya aliipitisha kweli 2010, ila gereza la Guantanamo wanakoweka watuhumiwa wa ugaidi, Januari 2009 kasaini amri lifungwe ndani ya mwaka mmoja, mpaka anatoka madarakani 2017 bado lipo. Sasa hapo tuseme alikosa uzoefu au aliahidi kisichokuwa mikononi mwake peke yake? Nyie mkiwa kwenye kituturi mnaangalia nini?

Mzee wa Keko
Mwanangu hayo sisi tuliyapitia 1995. Mrema alikuwa moto, watu wanasukuma gari lake kwa mikono, na uzoefu alikuwa nao pia maana alishakuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu kabla hajahamia NCCR-Mageuzi. Mkapa mtaani hakuwa na shamrashamra zile, alikuwa mtu wa mambo ya nje na habari, hapa Dar uchaguzi ukafutwa tukarudia Novemba, mwisho wa yote Mkapa akatoka na asilimia 61.8 na Mrema 27.8.

Halafu angalia kilichofuata. TRA, yaani mamlaka ya mapato, ikaanza kazi Julai 1996, 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa, hayo ni mabadiliko makubwa na yameletwa na mtu wa ndani ya mfumo. Lakini na mashirika yakabinafsishwa, mimi nilipunguzwa kazi kwenye wimbi hilo nikiwa na watoto wanne wanasoma. Kwa hiyo ukiniambia mgombea ana uzoefu nakuuliza alifanya nini huko alikokaa, nani alinufaika na nani aliumia, miaka peke yake hainiambii kitu.

Dada wa Kariakoo
Shikamoo mzee, pole sana kwa hayo. Ila mi naona uzoefu wa serikalini tunaupa uzito kuliko unavyostahili. Zambia hapo jirani, Hichilema hajawahi kuwa hata naibu waziri, ni mfanyabiashara, kagombea kashindwa mara tano ya sita 2021 akapita. Kaikuta nchi imeshashindwa kulipa madeni tangu Novemba 2020, mtu anayejua hesabu ndo alihitajika pale, 2022 elimu bure mpaka sekondari ikaanza na 2023 wakakubaliana na nchi zinazowadai. Sisemi mambo yamenyooka, 2024 ukame umewapiga umeme ukawa wa mgao mkali, ila huwezi kusema alikuja kujifunzia kazi Ikulu.

Sie wenye maduka tunajua, 2023 mwezi wa tano tulifunga Kariakoo siku kadhaa kwa ajili ya kamatakamata za kodi mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, na waliopanga utaratibu ule wote walikuwa watu wenye uzoefu, sema uzoefu wa kusimama nyuma ya kaunta na bili ya kodi ya fremu mkononi ndo hawakuwa nao.

Mwalimu wa Temeke
Naomba niongeze kitu. Mnakumbuka 2015? Lowassa alishakuwa Waziri Mkuu na ndiye watu walikuwa wanamwimbia mabadiliko, Magufuli alishakaa uwaziri na unaibu miaka 20 na yeye pia anaahidi mabadiliko, Mungu awarehemu wote wawili. Maneno hayo mawili mtu mmoja anaweza kuyabeba yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiyatumia kama mzani hayakusaidii.

Elimu bila ada iliahidiwa na Januari 2016 ikaanza, ahadi ilitimia hilo nasema wazi. Sasa njoo darasani, la kwanza nililopangiwa mimi watoto walijaa mpaka wengine wamekaa sakafuni chini ya ubao, wanaandikia mapajani, ukitaka kupita kusahihisha unaruka miguu, kuna katoto kalikuwa kanashikilia daftari la mwenzake lisiteleze ili na yeye ashikiliwe la kwake. Nilifurahi walikuja kwa sababu kuna wengine najua ada na michango ndo ilikuwa inawaweka nyumbani. Ila madawati na walimu vilitakiwa vipangwe kabla hawajafika, na hapo ndo namwangalia mgombea, je anajua ahadi yake ikishatamkwa itamwangukia nani na kwa bajeti ipi.

Na kingine, angalia atakaokwenda nao. Mawaziri kwa katiba yetu lazima wawe wabunge, ila rais ana nafasi 10 za kuteua wabunge mwenyewe, ndo Magufuli alivyomleta Philip Mpango kutoka TRA akampa Wizara ya Fedha. Mgombea asiyetaja watu wake hata mmoja mi ananipa mashaka, awe mzoefu awe mgeni.

Kijana wa Magomeni
Mwalimu hapo umenifungua, na dada pia. Kumbe swali langu nililiweka vibaya kidogo, nilikuwa nawapima watu wakati nilitakiwa nichukue ahadi moja moja niulize huyu ameshawahi kufanya kitu cha namna hii popote, serikalini au dukani kwake. Wagombea udiwani na ubunge wakipita mtaani kwetu naanza na lile la madarasa.

Mzee wa Keko
Vizuri mwanangu. Na kama umehamia hapo Magomeni karibuni hakikisha umeboresha taarifa zako kwenye daftari la wapiga kura, usije ukafika kituoni ukaambiwa jina lako liko kata nyingine.