Wakuu, makala za Einstein za 1905: niingilie ipi kwa kidato cha sita?

Mwalimu wa Zamu: Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia hapa Dodoma mjini. Ijumaa nina dakika 40 kuelezea makala nne za Einstein za mwaka 1905, akiwa na miaka 26, mkaguzi wa ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) kule Bern, Uswisi. Mwaka jana nilianza na E=mc², ile ya tungamo na nishati, darasa zima likanitolea macho. Nishaurini.

Mzee wa Zabibu: Mwalimu, hiyo ilikuja mwisho, kurasa tatu tu, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni. Anza na ya mwanga, kwamba huja kwa vifungu vya nishati. Nobel ya 1921 alipewa kwa hiyo, siyo kwa rilativiti, nadharia yake ya mwendo na wakati. Urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) hata ukiwa hafifu unang'oa elektroni kwenye bati la zinki. Mwanga mwekundu umulike kutwa nzima, hutoki na kitu. Na mtihani wanao.

Kipupwe Area D: Napinga. Chukua ya chembe zinazotikisika majini. Brown, mtaalamu wa mimea, aliziona 1827, sababu haijulikani. Hadi 1905 kuna magwiji walikuwa bado wanabisha kwamba atomu zipo! Einstein akakokotoa chembe itasogea umbali gani kwa muda fulani, Perrin wa Ufaransa akapima, ikakubali. Ostwald mwenyewe, mkemia aliyekuwa akibisha, akanyoosha mikono. Fungua dirisha tu, vumbi letu la Dodoma litawachezea kwenye mwali wa jua.

Binti Kondoa: Hapo kwenye vumbi umempoteza mwalimu. Lile linabebwa na hewa inayopita. Tone la maziwa kwenye maji, kioo chembamba juu, hadubini ya kukuza mara 400, subiri mkondo utulie. Vitone vya mafuta vitatetemeka vyenyewe, havichoki.

Boda Nkuhungu: Mi sayansi niliiacha form two. Ila nasikia hata ramani ya simu ni huyo huyo?

Binti Kondoa: Ndiyo kaka. Mwendo wa satelaiti zinazoongoza ramani hiyo unachelewesha saa zake mikrosekunde 7 kwa siku, hiyo ni rilativiti ya 1905. Uvutano unaziwahisha 45, hiyo ni nadharia yake ya 1915. Zisiporekebishwa, abiria wa Kisasa utamshusha Ihumwa.

Mwalimu wa Zamu: 😂 Basi maziwa. Hadubini iko moja, kabati la baiolojia, mwenyewe anailinda kama mahari. Kesho naenda kupiga magoti. Maziwa ya ng'ombe au ya pakiti?

Binti Kondoa: Pakiti. Mafuta yake yamesagwa madogo zaidi, yanacheza vizuri. Mtindi usithubutu.