Mrejesho: kazi baada ya kusoma baiolojia ya seli na neva

Wakuu, mwezi Machi niliuliza hapa: nimemaliza baiolojia ya seli na neva, udaktari siutaki, nitafanya kazi gani? Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kujitolea maabara kwanza. Miezi 3 nilikata ubongo wa panya kwa maikrotomu (mashine ya kukatia sampuli), vipande vyembamba kuliko karatasi, nikavipaka rangi na kuviangalia kwa hadubini. Wiki ya kwanza vyote vilichanika. Sasa nina mkataba wa mwaka 1 kwenye utafiti wa kifafa kinachosababishwa na tegu wa nguruwe.

Ufadhili wa uzamili nimekosa mara 2. Dada uliyesisitiza nijifunze takwimu kwa R (programu ya kompyuta ya takwimu), Mungu akubariki: kwenye usaili waliuliza hilo kuliko alama zangu.