Tupeane uzoefu: mazoezi ya fanksheni za sehemu na takwimu kwa vijana wa kidato cha tano na sita

Chikongola_Hesabu:
Wadau wa Mtwara na Lindi, vijana wako likizo na wengi wana madaftari yaliyojaa fomula wasizojua pa kuzitumia. Mnaofundisha tuisheni, mwageni mbinu. Weka swali, weka hatua, sema wanapokosea. Naanza na hili:

f(x) = (x² − x − 6)/(x² − 9)

Kijana anaangalia asili, anaona x² − 9, anaandika asimptoti (mistari ambayo grafu inaikaribia) mbili za wima: x = 3 na x = −3. Moja tayari imekosewa. Vigawo kwanza: juu (x − 3)(x + 2), chini (x − 3)(x + 3). Mabano ya x − 3 yanakatana, inabaki (x + 2)/(x + 3). Kwa hiyo penye x = 3 kuna tundu tu, na urefu wake ni 5/6. Lichorwe kwa kiduara kitupu. Asimptoti ya wima ni x = −3 peke yake, ya mlalo ni y = 1. Grafu inakata mhimili wa x penye −2 na wa y penye 2/3. Akishakata mabano bila kuandika x ≠ 3 pembeni, tundu litamponyoka akifika kwenye kuchora.

Kijana_wa_Mikindani:
Mwalimu umegusa penyewe. Naongeza ile imani kwamba grafu haivuki kamwe asimptoti ya mlalo. Inavuka! Isiyovukwa ni ya wima. Wape hii:

f(x) = (2x² + x − 3)/(x² − 4)

Asimptoti ya mlalo y = 2. Sasa waambie waandike f(x) = 2 na watafute x. Inabaki x − 3 = −8, yaani x = −5. Wakague: 42 kwa 21 ni 2. Kushoto zaidi, penye x = −10, ni 187/96, chini kidogo ya 2, halafu mkono unapanda taratibu kuurudia mstari ule wa y = 2 kutoka chini.

Kabla ya kushika penseli wapange jedwali la alama. Namba za mpaka ni −2, −3/2, 1 na 2. Kila kipande jaribu namba moja: −3 inatoa chanya, −1.75 hasi, 0 chanya, 1.5 hasi, 3 chanya. Anayeruka jedwali hili anachora mikono yote ikielekea juu, na hapo alama za mchoro zimekwenda na maji.

Mama_Ufuta (Nachingwea):
Kwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) wanaosoma BAM (Basic Applied Mathematics), x tupu zinawachosha. Mie nawapa gari. Tuseme kukodi Fuso ni 400,000 na kupakia ni 3,000 kwa gunia (namba za mfano, msije mkanidai bei). Gharama ya kila gunia ni (400000 + 3000n)/n. Magunia 10 ni 43,000 kila moja, 50 ni 11,000, 100 ni 7,000. Waulize: itashuka hadi wapi? Hadi karibu na 3,000, haigusi. Kisha waulize kama n inaweza kuwa 1,000. Gari la tani 8 linajaa kwa magunia 100 ya kilo 80, basi grafu inakoma hapo, tena ni vidoti, maana hakuna gunia nusu.

Takwimu_Newala:
Nakuja na takwimu, kwa magunia hayohayo. Mizani ya ghalani inasoma kilo nzima, magunia 40 ya korosho:

76–78: 6
79–81: 18
82–84: 12
85–87: 4

Wastani kwa kukisia A = 80, katikati za makundi ni 77, 80, 83, 86. Jumla ya fd (f ni marudio, d ni katikati ya kundi toa A) ni −18 + 0 + 36 + 24 = 42. Wastani ni 80 + 42/40 = 81.05.

Mediani ndiyo inayoua. Gunia la 20 limo kundi la pili. Kijana anaweka L (mpaka wa chini wa kundi) = 79 na upana 2, anapata 80.56. Sahihi ni L = 78.5 na upana 3: 78.5 + (20 − 6)/18 × 3 = 80.83. Modi: 78.5 + 12/(12 + 6) × 3 = 80.5 (12 ni 18 − 6, na 6 ni 18 − 12).

Grafu ya marudio limbikizi ianzie (75.5, 0), kisha (78.5, 6), (81.5, 24), (84.5, 36), (87.5, 40). Wengi wanaweka nukta penye katikati ya kundi, mstari wote unasogea kushoto kilo moja na nusu.

Kijana_wa_Mikindani:
Mkengeuko sanifu wa data hiyo: jumla ya fd² ni 306, kwa hiyo 306/40 − 1.05² = 6.5475, kipeuo chake 2.56. Kwenye kikokotoo cha fx-991MS andika katikati ya kundi, SHIFT na mkato, marudio, kisha M+. Akisoma σn−1 badala ya σn atapata 2.59. Na data ya swali lililopita ifutwe kwanza, la sivyo n (idadi ya data) haitasoma 40 na hakuna atakayejua kwa nini. Mzoeshe kuangalia n kabla ya jibu lolote.

Binti_Shangani:
Shikamooni. Jamani hiyo 78.5 inatoka wapi, wakati mizani haina nusu?

Takwimu_Newala:
Marahaba, binti. Gunia la kilo 78.6 mizani imeliandika 79, la 78.4 imeliandika 78. Mpaka wa kweli uko katikati yao. Ila swali likiwa la umri kaa macho: mtu wa miaka 19 na miezi 11 bado anasema ana 19, hasogezwi hadi 20. Hapo soma maelezo ya swali kwanza ndipo uweke nusu.