Sare ya hatua 14 na dogo wa kidato cha pili

Mwalimu_wa_Hesabu:
Wakuu, Jumapili nimeumbuka. Raundi ya mwisho ya mashindano ya chess (sataranji), nina pointi 3 kati ya 4, nacheza nyeupe, mpinzani dogo wa kidato cha pili. Dakika kumi hazijaisha tumeshasaini karatasi: sare. Wanafunzi wangu watano walikuwa wanatazama, wale wale niliowaambia asubuhi kwamba sare ni ya wavivu.

Hatua zenyewe (e4 na kadhalika ni miraba ya ubao; N farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni askari; x ni kula, + ni kumtishia mfalme, O-O ni mfalme kwenda pembeni pamoja na ngome):

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4 Qd6, hali ile ile ubaoni mara ya tatu, basi sare

Hatua ya 6 nilijua nikila farasi wa c6 kwa askofu, malkia watatoka mapema, na malkia wakishatoka mimi huwa sina changu. Nikala kwa askari. Nilikosea wapi?

Kitunda_Mpweke:
Hapo hapo kwenye 6.dxe5, mwalimu. Hiyo njia mabingwa wenyewe huipita wakitaka kupumzika. Mwishoni ungebadilishana malkia, dogo angebaki na maaskofu wawili, faida kwake, wewe mmoja na farasi. Ndiyo maana mkono ulikuwa unarudi d4.

Dawa ni 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8. Mfalme wa nyeusi kanaswa katikati, askari wake wamepandana safu ya c, wewe una wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme. Kete zote zikiisha ubaoni, unashinda. Kasheshe ni kuzimaliza! London mwaka 2000 bingwa wa dunia Kasparov aliujaribu ukuta huu wa Berlin (ndiyo jina la ulinzi huu wa nyeusi, 3...Nf6) mara nne, zote sare, na mpinzani wake Kramnik akamvua taji alilolishika tangu 1985.

Shah_Mat:
Msimtishe. 4.d3 tu, mwalimu. Askari wa e4 analindwa, malkia wanabaki, mnapigana hadi chai ipoe.

Mwalimu_wa_Hesabu:
Nashukuru, Jumamosi naanza na d3. Halafu Kitunda, umenikumbusha: baada ya mchezo nilimuuliza dogo kama alikuwa ameipanga ile sare. Akasema, "Hapana mwalimu, wiki nzima nimejiandaa ule kwa askofu."