Njia ya Irente: nimwamkie kila ninayepishana naye?

Mgeni wa Lushoto
Habari zenu wakuu. Nimehamia Lushoto kikazi, nimekulia Sinza, Dar. Jumapili napenda kupanda kwa miguu hadi Irente, pale kwenye mwamba unapoona Mazinde na nyika ya Wamasai chini kabisa. Njia inapita Yoghoi, katikati ya mashamba na nyumba za watu. Dar ukimwamkia kila mtu barabarani watadhani una shida au unataka hela. Huku napishana na bibi kabeba kuni, watoto, vijana wamekaa kando ya njia, mama analima ng'ambo ya bonde. Wengine wananitazama tu, kama wananisubiri mimi. Nianze mimi? Na huyo wa ng'ambo nimpazie sauti? Ofisini wote ni wageni kama mimi, kwa hiyo naomba wenyeji mnisaidie.

Binti Soni
Karibu kwetu. Anza wewe. Wao wako kwao, wewe ndiye unayepita, na njia ile ni ua wa watu: usipopiga hodi wanabaki wanajiuliza huyu ni nani na anatafuta nini.

Bibi mwenye kuni mwambie "Shikamoo bibi, pole na mzigo" huku unatembea, na umpishe. Usimsimamishe kumwuliza habari za watoto na wajukuu, shingo yake inaumia. Hili naliona sana kwa wageni wenye nia njema, wanamshika mtu mkono na furushi liko kichwani. Nawaomba muache.

Wa ng'ambo ya bonde mpazie sauti: "Poleni na kazi!" Atajibu "Asante, tumeshapoa" bila kuweka jembe chini. Watoto watakuwahi wenyewe na shikamoo. Itikia marahaba, hata wakiwa kumi. Nyumbani tunawafundisha kila siku, halafu mtu mzima anawapita kimya! Inaniuma.

Wakikuuliza unakwenda wapi, jibu. Masika njia zinateleza, ukungu unashuka ghafla, na ukichelewa kurudi kuna mtu atakayesema nilimwona akielekea Irente.

Mwana wa Pangani
Nakubaliana. Naongeza utaratibu tuliofundishwa chuoni, umo katika hadithi za Mtume (s.a.w.): aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi, mdogo humsalimu mkubwa. Kwa hiyo hao vijana waliokaa wasikukasirishe kwa kunyamaza, zamu ni yako. Salamu moja kwa kundi zima inatosha, na mmoja wao akiitikia amewaitikia wote. Lushoto Waislamu ni wengi lakini si wote, na kama humjui mtu, "Habari za hapa" haimkosei yeyote.

Mama Uluguru
Mimi natembea Morogoro, njia ya Morningside, mara nyingi peke yangu. Asubuhi akina mama wa Kiluguru wanateremka na ndizi na mboga kuwahi soko la mjini. Wale wapishe haraka, sema "poleni" basi, wanashindana na jua.

Kwa vijana waliokaa: salamu ya wazi, sauti kavu, usipunguze mwendo. Ukipita umeinamisha kichwa ndipo maneno yanapoanza nyuma yako. Ila Binti Soni, hapo kwenye kusema unakokwenda sikubali. Mwanamke aliye peke yake asimtangazie kila mtu. Nasema "nafika hapo juu", nimemaliza.

Mgeni wa Lushoto
Asanteni sana. Sikusema, ila mimi ni mwanamke na huwa niko peke yangu, kwa hiyo hilo la Mama Uluguru linanihusu. Na wakati wa kushuka, nikiwakuta walewale, naanza upya?

Binti Soni
Hapana, huanzi upya. Sema "ndiyo tunarudi", watakuambia "haya, karibu tena". Na Mama Uluguru ana haki, kwa vijana usiowajua "hapo juu" inatosha. Lakini pale Yoghoi tafuta mama mmoja mwenye kibanda au anayechambua mboga mlangoni, mwamkie vizuri, simama kidogo, huyo mwambie ukweli wote: naenda hadi mwambani, narudi kabla ya alasiri. Na ukirudi upite kwake akuone.